Bia ya baba, farasi wa mtoto: hesabu ya soko la Krismasi

Mzazi mwenzangu, mwezi huu wa Desemba ukifungua simu utakutana na picha za ndugu na jamaa walioko Ulaya. Wengi wamesimama mbele ya kibanda cha mbao kilichopambwa taa, kikombe mkononi, mvuke unapanda. Nyumbani mnaandika chini yake, "Wenzetu mnakula maisha!" Picha kama hiyo hata mimi niliituma mwaka jana. Leo nataka nikuoneshe kitu ambacho hakikuonekana kwenye picha ile, nacho ni risiti.

Kwa msomaji mgeni wa safu hii, naishi na familia yangu katika mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza. Mimi nahudumia wazee kwenye makao yao, na Baba Neema anafanya kazi ghalani. Tuna watoto wawili. Mwaka jana Neema alikuwa na miaka tisa na Baraka mitano.

Kila mwaka inapofika Novemba, uwanja wa katikati ya mji wetu hugeuka soko la Krismasi. Vibanda vya mbao vinapangwa mistari, inaletwa bembea ya kuzunguka yenye farasi wa mbao, na pembeni linasimikwa hema kubwa la bia lenye meza ndefu na muziki. Kuingia ni bure. Neno hilo "bure" ndilo lililotuponza.

Desturi hii asili yake ni Ujerumani. Soko la Krismasi la mji wa Dresden linatajwa kwenye kumbukumbu tangu mwaka 1434. Siku hizi miji mingi ya Uingereza ina soko la namna hiyo, na lile la Birmingham, lililozaliwa na udugu wa mji huo na Frankfurt, ni maarufu sana. Zamani watu walikwenda kununua mahitaji ya sikukuu. Leo wengi wetu tunakwenda kula, kunywa na kutazama, na anayekwenda kutazama haandiki orodha. Anatoka nyumbani na kadi tu.

Risiti ya mwaka jana

Tulikubaliana tusizidishe pauni 60, mbali na nauli ya basi. Tuliporudi nilikaa mezani nikaandika yote:

Soseji mbili ndani ya mkate, yangu na ya baba: pauni 16.
Chipsi za watoto, sahani moja: pauni 6.
Chokoleti ya moto, vikombe viwili vya watoto: pauni 10.
Bembea ya farasi, Baraka, mara moja: pauni 4.
Malaika wa mbao wa kutundika kwenye mti: pauni 12.
Hema la bia: pauni 27.

Jumla pauni 75. Wakati ule, Desemba 2024, kima cha chini cha mshahara hapa kwa mtu wa miaka 21 na kuendelea kilikuwa pauni 11.44 kwa saa. Kwa hiyo jioni ile ya saa mbili ilikula kama saa sita na nusu za kazi, kabla ya makato. Saa sita na nusu za kuinua wazee, kuwaogesha na kubadilisha mashuka.

Sasa tazama tena orodha ile. Mambo ya watoto, yaani chipsi, chokoleti na bembea, ni pauni 20. Soseji zetu na bia ni pauni 43. Safari tuliyosema ni ya watoto, sisi wakubwa tuliila mara mbili yao na zaidi.

Hata hivyo hilo silo lililoniuma. Lililoniuma lilikuja siku tatu baadaye.

Jumapili tulipiga simu ya video kwa bibi yao aliye Moshi. Mimi nilikuwa jikoni, watoto wameshika simu sebuleni. Nikasikia, "Shikamoo bibi," kisha Baraka anasimulia farasi wake, mweupe mwenye mkia wa dhahabu. Bibi akauliza, "Na wewe Neema, ulipanda wa rangi gani?"

Neema akajibu taratibu, "Mimi sikupanda, bibi. Pesa ilikuwa imebaki kidogo."

Niliacha kukatakata vitunguu. Jioni ile sokoni nilimuuliza kama anataka kupanda, akaniambia, "Sitaki mama, mimi nimekua." Nikamwamini. Kusema kweli, nilifurahi kumwamini, kwa sababu ilikuwa pauni nne nimeokoa. Wakati huohuo baba yake alikuwa hemani.

Nani wa kulaumiwa?

Usiku nilimwambia Baba Neema nilichosikia. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nina zile pauni 27 mkononi kama ushahidi. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mama Neema, mimi pesa nilitumia, sikatai. Lakini nani alikuwa anahesabu kwa sauti?"

Nilitaka kujibu, nikakosa la kusema. Tangu tuingie getini nilikuwa nikisoma bei na kuzigeuza kuwa shilingi. "Soseji pauni nane! Hiyo nyumbani si unapata kuku?" "Chokoleti pauni tano, wamechanganya na dhahabu?" Baraka hakusikia kitu, macho yake yalikuwa kwenye taa. Neema alisikia kila neno. Mtoto wa kwanza wa familia kama zetu ana masikio mapana. Alijumlisha, akatoa, akajikata yeye mwenyewe kwenye orodha.

Nimeandika mara nyingi hapa kwamba mtoto afundishwe thamani ya pesa. Sijutii. Lakini kumfundisha mtoto thamani ya pesa ni jambo moja, na kumfanya ajione yeye ndiye gharama ni jambo jingine. Hapo mzazi akae macho.

Mbona ghali hivyo?

Kabla hatujawaita wenye vibanda wezi, tuwatendee haki. Mwenye kibanda anafanya biashara ya wiki chache tu kwa mwaka. Katika wiki hizo lazima alipe kodi ya nafasi, umeme, usafiri wa kibanda chenyewe, na vijana wa kusimama kwenye baridi tangu asubuhi mpaka usiku. Chakula cha moto na pombe vina kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20, ambayo imo ndani ya bei unayoiona. Kwenye bia ya pauni saba, zaidi ya pauni moja inakwenda serikalini kabla muuzaji hajahesabu chake.

Kwa hiyo bei haitashuka kwa sababu sisi tumenung'unika. Kinachoweza kubadilika ni tunachonunua. Mwaka huu nilizunguka soko lile mara moja peke yangu, nikitoka kazini, bila watoto na bila njaa. Haya ndiyo niliyoyaona.

Mvinyo wa moto. Huu ni mvinyo mwekundu uliochemshwa na sukari, mdalasini, ganda la chungwa na karafuu, karafuu hizihizi ndugu zetu wa Pemba wanazoanika barabarani. Kikombe pauni sita. Chupa nzima iliyokwishatiwa viungo, dukani, niliikuta kwa chini ya pauni nne, unapasha tu kwenye sufuria. Ukinunua sokoni, jua kwamba unalipia kusimama pale chini ya taa. Si vibaya, ila kimoja kinatosha kulipia hayo. Halafu, mzazi, angalia sana: mara nyingi kuna sufuria ya pili ya juisi ya moto isiyo na kilevi kwa ajili ya watoto, na vikombe vyake ni vilevile. Uliza, nusa, onja kwanza wewe, ndipo umpe mtoto.

Hela ya glasi. Ukinunua bia au mvinyo, unatozwa juu yake dhamana ya glasi au kikombe. Ni kama pale dukani kwa Mangi ukichukua soda bila chupa tupu: unaacha hela ya chupa, ukirudisha unarudishiwa. Mwaka jana Baba Neema alilipa dhamana ya glasi tatu, pauni tatu kila moja. Glasi yake aliirudisha. Mbili za wenzake ziliondolewa mezani na wahudumu wakati watu wanapiga soga, na pauni sita zikaondoka nazo. Hapo ndipo 21 za bia zilipogeuka 27. Shika glasi yako mpaka uirudishe mwenyewe.

Na kuna upande wa pili wa jambo hili. Vikombe vya mvinyo mara nyingi vimechorwa picha ya soko na mwaka. Kama unataka kumbukumbu, uliza kama unaruhusiwa kuondoka nacho. Pauni tatu kwa kikombe kizuri ni rahisi kuliko karibu kila kitu kingine kinachouzwa pale.

Raundi. Hili ni la akina baba zaidi, ingawa akina mama nasi tumo. Hapa Uingereza, kama ilivyo kwetu, watu wakikaa pamoja kila mmoja anatoa raundi. Baba Neema aliwakuta wenzake wawili wa kazini. Akatoa raundi ya kwanza, bia tatu kwa pauni saba, 21. Wenzake nao wakatoa zao. Ukipiga hesabu hakupunjwa: alilipia bia tatu, akanywa bia tatu. Tatizo ni kwamba alikuwa ameingia kunywa moja. Raundi haimwibii mtu pesa, inampangia kiasi. Mkikaa watu sita, umeshakubali bia sita kabla hujaketi. Bila kusahau kwamba mkeo amesimama nje na watoto, vidole vimekufa ganzi.

Vitu vya mikono. Yule malaika wangu wa pauni 12, nilimkuta Januari kwenye duka kubwa la bei poa kwa pauni tatu. Yuleyule, mpaka tone la rangi lililomwagikia bawa. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Kuna wachongaji wa kweli kwenye masoko haya. Milima ya Erzgebirge, mashariki mwa Ujerumani, ina sifa ya uchongaji huo kwa vizazi vingi, na kazi yao inastahili bei yake. Njia ya kuwajua ni kuuliza, "Hiki umetengeneza wewe?" Aliyekitengeneza hataishiwa maneno. Atakuonesha mti wake, atakugeuzia chini ya kitu uone alama yake. Asiyekitengeneza atakuambia bei.

Jinsi tulivyokwenda mwaka huu

Tulikaa mezani, mimi na Baba Neema, watoto wakiwa wamelala. Tukaandika pauni 40. Tukakubaliana mambo manne.

La kwanza, tule nyumbani. Nilipika wali na maharage, tukashiba, tukatoka. Pale sokoni tukanunua soseji moja kubwa ya pauni 10, tukagawana wote wanne. Kumbe soseji ya kuonja ni tamu kuliko soseji ya njaa.

La pili, kila mtoto awe na pesa yake, pauni nane ndani ya bahasha, na aamue mwenyewe. Hakuna kumshauri mpaka aulize. Vibanda vingine havipokei pesa taslimu, kwa hiyo mtoto ananipa mimi sarafu zake na mimi nagusisha kadi. Msidharau hili. Kadi ya kugusa haimfundishi mtoto kitu, anasikia mlio tu. Sarafu akiitoa mkononi anajua imekwenda.

La tatu, baba ana bia moja, mimi nina kikombe kimoja cha mvinyo. Nilimuuliza, "Na ukiwakuta wenzako?" Akasema, "Nitawaambia leo niko na familia, nanunua yangu." Nikamuuliza kama haoni haya. Akasema, "Haya niliiona mwaka jana, siku ile uliponiambia alichosema Neema."

La nne lilikuwa langu, nalo lilikuwa gumu kuliko yote: kutotaja bei kwa sauti. Kama nina la kusema kuhusu bei, niliseme nyumbani.

Tulikwenda siku ya katikati ya wiki, saa kumi na moja jioni, giza la huku limeshaingia na watu bado wachache. Wenzake na Baba Neema walikuwepo hemani. Wakamwita. Akaenda akawasalimia, akanunua bia yake moja, akaja kuinywea karibu na bembea, glasi mkononi, na dhamana yake akairudisha mfukoni. Hakuna aliyemcheka. Mmoja wao, naye ana watoto, alimwambia anamwonea wivu.

Baraka alichukua muda mrefu. Alipanda farasi mara moja kwa pauni nne, na nne zilizobaki akanunua biskuti kubwa ya tangawizi yenye umbo la moyo. Haikuwa tamu, ngumu kama kigae. Niliuma ulimi nikanyamaza. Aliivaa shingoni na utepe wake siku mbili, kwa hiyo labda yeye ndiye aliyepata thamani kuliko sisi sote.

Neema alikaa na bahasha yake akizunguka vibanda. Akatazama mishumaa, akatazama kofia, akanusa sabuni. Nikadhani atarudi nazo zote nyumbani, maana ndivyo alivyo. Mwisho akaja mbele ya bembea akaniuliza, "Mama, ni kweli hizi ni zangu? Zikibaki hazirudi kwenye za umeme?"

Nikamwambia, "Ni zako. Za umeme zipo."

Akapanda mara mbili mfululizo, pauni nane zote.

Hesabu ya mwisho: soseji 10, bahasha mbili 16, bia 7, mvinyo 6. Jumla pauni 39. Tulitumia karibu nusu ya mwaka jana, na hakuna aliyerudi akiwa amenyimwa. Pauni moja iliyobaki ilimwangukia Baraka, alishaiona.

Kwenu mlioko nyumbani

Usiseme haya ni ya Ulaya. Ukimpeleka mtoto Sabasaba pale Barabara ya Kilwa, au Nanenane mkoani kwako, si ni yaleyale? Kuna banda la michezo ya watoto, kuna mishikaki, na kuna kona yenye viti vya plastiki na bia baridi ambako baba anakwenda "kumsalimia mtu mara moja". Mama anabaki na watoto juani akisema, "Subiri baba yako arudi." Baba anaporudi pesa imebaki ya daladala.

Basi kabla ya kutoka, kaeni wawili mkubaliane kiasi. Toeni kwanza fungu la watoto, lisiguswe. Bia, kama ipo, ijulikane ni ngapi kabla ya kuonana na marafiki. Kuleni nyumbani. Na bei mkizishangaa, zishangaeni mkiwa wawili, kwa sababu mtoto anayesikia hesabu zetu kila siku siku moja atasema "sitaki" akiwa anataka, nasi tutamsifu kwamba amekua.

Jumapili iliyopita tulimpigia tena bibi yao. Neema alimwambia farasi wa kwanza alikuwa mweusi na wa pili alikuwa yuleyule mweusi, kwa sababu alimpenda. Bibi akauliza ilikuwa bei gani. Neema akasema, "Muulize mama bibi, mimi nilikuwa napanda."

Heri ya sikukuu, mzazi mwenzangu. Tukutane Jumapili ijayo.